Nione Kwanza na Mikunga Saba

Kwa niaba ya Mkurugenzi, wakuu wa vitengo vyote, mafundi bomba, wasoma mita, madereva, walinzi na wote wanaokula chakula cha mchana chini ya ngazi za jengo la pili, inatangazwa rasmi kwamba mikunga wapo. Wako saba. Wamehesabiwa mchana kweupe na mashahidi wanne wenye akili timamu, na fomu imetiwa sahihi. Wale waliosema kwa miaka kumi na mmoja kwamba lile ni sanduku la mchanga wanaombwa kukaa kimya kwa heshima, hasa dereva wa lori.

Baada ya tangazo hilo, tuingie kwenye shughuli yenyewe. Mtunza bohari wetu mkuu anastaafu Ijumaa hii, saa tisa na nusu alasiri, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Aliingia Idara ya Maji akiwa kijana mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya bluu na moja nyekundu. Anatoka akiwa mzee mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni. Ile nyekundu inasemekana ni ileile, kwa kuwa hakupenda kuitumia ovyo.

Jina lake kamili liko kwenye jalada lake masjala, na huko limelala salama. Sisi tunamwita Nione Kwanza. Hakuna anayekumbuka nani alianza kumwita hivyo, ila kila mtu anakumbuka kwa nini. Katika miaka yote hiyo hajawahi kutia sahihi ya kupokea kitu ambacho hajakiona kwa macho yake mawili. Si kwa haraka, si kwa urafiki, si kwa amri. Ukimletea fomu anaipokea kwa adabu, anaigeuza upande wa pili kana kwamba kitu chenyewe kimejificha huko, kisha anakuambia kwa sauti ya upole, "Nione kwanza." Mafundi wapya hudhani anatania. Wiki ya pili huwa wameshaacha kudhani.

Alianza kama mbeba mabomba, akawa msaidizi wa bohari, kisha akakabidhiwa funguo. Alichokikuta ni chumba kirefu chenye harufu ya mpira na grisi, vitu vimerundikwa sakafuni kama vilivyoshushwa. Jambo la kwanza alilofanya ni kutafuta paleti za mbao na kupandisha kila kitu juu yake. Kwake yeye kitu hakilali chini. Kikilala chini kinapata unyevu, kinasahaulika, na siku ya kukihamisha kinakuwa ugomvi. Mkumbuke hilo la paleti, tutalirudia.

Kuna sanduku la koki mia mbili lililoletwa siku ambayo bomba la mtaa mzima limepasuka na watu wamesimama na ndoo wakimngoja fundi. Aliyelileta alisema sanduku limefungwa kiwandani, muhuri huu hapa. Mzee akasema muhuri ameuona, sasa aone koki. Zilikuwa mia moja themanini na nane, na vitasa vya milango kumi na viwili. Vitasa hivyo hakuna aliyekuja kuvichukua, na ndivyo mnavyovishika kila mnapoingia vyoo vya ghorofa ya kwanza.

Kuna pampu iliyofungwa na kufukiwa kabla karatasi zake hazijafika bohari. Fundi alikuja na fomu akaeleza kwamba pampu yenyewe iko mita mbili chini ya ardhi na inafanya kazi vizuri tu, hata ukitega sikio utaisikia. Mzee alitega sikio. Kisha akatoka na sepeto begani. Walichimba wawili mpaka adhuhuri, pampu ikaonekana, namba ikasomwa, sahihi ikatiwa, na mzee akasaidia kufukia. Hakuna kosa lolote lililopatikana. Fundi yule leo ni mkuu wa kitengo, na bado hafukii kitu kabla ya karatasi.

Hata Mkurugenzi wetu wa sasa alipokelewa kwa utaratibu huohuo. Siku aliyoripoti aliletwa na gari jipya la ofisi, na mzee akaitwa kupokea gari. Fomu iliandikwa gari moja pamoja na vyote vilivyomo. Alilizunguka, akahesabu matairi, akafungua buti, akafungua mlango wa nyuma, akamkuta mama wa watu amekaa na mkoba mapajani. Akamsalimia, akafunga mlango taratibu, akaandika: "Vyote vimeonekana, pamoja na Mkurugenzi, mzima." Fomu hiyo imewekewa fremu, iko ofisini kwake ukutani, nyuma ya mlango.

Tusije tukafanya kana kwamba alikuwa mtu wa kukwamisha tu. Miaka sita iliyopita hospitali ilikosa maji kwa sababu ya valvu moja ya aina ambayo haitengenezwi tena. Simu zilipigwa kila upande. Mzee alisikia habari hizo akiwa anakunywa chai, akamaliza kikombe, akachukua ngazi, akapanda rafu ya juu kabisa, akashuka na valvu iliyofungwa kwenye gunia. Ilikuwa imekaa pale miaka kumi na tisa. Mara tatu alishauriwa aiandike chakavu, na mara tatu alijibu kwamba yeye ameitazama na haijachakaa. Maji yalirudi hospitali saa nane mchana. Aliporudishiwa gunia alilikunja, akaliweka juu ya paleti.

Basi huyo ndiye mtu ambaye nyumbani kwake kulikuwa na tangi la kioo limejaa mchanga, na akataka tuamini mna samaki.

Mambo yalianza na jino la juu kushoto. Miaka kumi na mmoja iliyopita alikwenda kwa daktari wa meno, na katika chumba cha kungojea kulikuwa na tangi la samaki wa maji ya chumvi, wenye rangi za kila namna, wakizungukazunguka kama wateja wasiojua dirisha la kulipia. Mzee hakuwatazama hao. Alikuwa ameshika shavu, ameinamisha kichwa, na kwa sababu ya kuinama huko akaona pembeni, chini, kitu kama penseli yenye madoa kikichomoza kwenye mchanga, kikatazama kushoto na kulia, kikarudi. Alipomwambia daktari, daktari alisema humo hamna kitu cha namna hiyo. Alipomwambia tena baada ya kung'olewa jino, daktari alisema hiyo ni ganzi.

Alirudi mara tatu na meno mazima. Mara ya nne alimkalisha daktari kwenye kiti chake mwenyewe cha kungojea, wakakaa, na ile penseli yenye madoa, yaani mkunga, ikatoka mchangani. Alikuwa amekonda, kwa sababu wale wenye rangi walikuwa wanamaliza chakula kabla hakijamfikia. Daktari akampa mzee amchukue. Muuza samaki aliyekuwa akimletea daktari akaeleza kwamba mkunga wa mchangani haishi peke yake, akatafuta wengine sita. Daktari huyo alihama mwaka uliofuata, na huyo ndiye aliyekuwa shahidi pekee.

Kwa wasiojua, mkunga huyu ni samaki ambaye maisha yake yote mkia uko shimoni. Anachimba mwenyewe kwa ncha ya mkia, anapaka ute kwenye kuta za shimo ili mchanga usiporomoke, kazi safi ambayo baadhi ya wajenzi wetu wa mitaro wangekwenda kujifunza. Kisha anachomoza nusu ya mwili, anaelekea mkondo wa maji, anangoja chakula kipite mbele ya mdomo. Hakifuati. Kisipopita, anabaki na njaa yake. Tabia hiyo si ngeni katika ofisi hii, lakini kwa samaki ni maumbile.

Mzee aliwajengea makao yanayofaa. Mchanga laini wenye kina cha shubiri moja na nusu. Pampu ndogo upande mmoja, isukume maji polepole. Chumvi ya kuchanganya kwa kipimo, na kila asubuhi maji baridi yasiyo na chumvi ya kufidia yaliyopaa usiku, mpaka yafike kwenye mstari uliochorwa kwenye kioo. Mstari huo umechorwa kwa kalamu nyekundu. Juu akaweka mfuniko wa wavu, maana samaki ambaye hatoki shimoni maisha yake yote, siku akishtuka vibaya hutoka mara moja na kwa jumla. Chakula ni vijidudu vya maji ya chumvi, vidogo kama punje za ufuta, vilivyogandishwa kwenye friza karibu na barafu za watoto. Mara tatu kwa siku. Na tangi zima, kama mlivyokwisha kukisia, liliwekwa juu ya paleti. Wageni walicheka sana paleti ile sebuleni.

Nyumba yenyewe ni ile ya kazi, nyuma ya karakana, ya pili kutoka lango. Sebule ina makochi mawili, tangi ukutani, na upande wa pili, chini ya dirisha, cherehani ya miguu ya mkewe, shemeji yetu sote. Shemeji ni fundi wa nguo, anashona sare za shule na mapazia ya nusu ya mji. Alilikubali tangi kwa sharti moja tu, kwamba cherehani haisogei.

Tatizo la mikunga ni aibu. Mtu akiingia, wanazama wote kwa pamoja, kama penseli zinazosukumwa kwenye unga, na kinachobaki ni mchanga uliolala vizuri. Katika miaka kumi na mmoja nusu ya idara hii imepita sebule ile. Tulikwenda kumpa pole ya mgongo. Tulikwenda kumpongeza binti yake alipomaliza chuo. Kila mara mzee alitukalisha mbele ya kioo, akaweka kidole mdomoni, akatuambia tutulie. Tukatulia. Tukaona mchanga. Dereva wa lori, ambaye hana breki ya mdomo, alikuwa wa kwanza kusema hadharani: "Mzee wangu, mchanga hata mimi ninao, tena tani saba, njoo uangalie." Ikawa ndiyo salamu yake. Asubuhi akimkuta bohari anauliza, "Penseli hawajambo?"

Mzee alijibu mara moja tu, "Wapo," kisha hakurudia tena. Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo. Kwake yeye, aliyekataa neno la kila mtu mpaka aone, kuomba watu waamini neno lake lilikuwa zito, na tuliokaa naye karibu tuliliona likimkaa shingoni. Wengine walifika mahali pa kumtetea kwa namna mbaya zaidi, wakisema mwacheni mzee, kila mtu ana lake.

Mwezi uliopita jambo likaacha kuwa utani. Nyumba ya kazi hukabidhiwa tupu mwisho wa mwezi wa kustaafu. Nyumba yake mwenyewe iko upande wa pili wa mji, ni nzuri, imeezekwa vizuri, ila umeme wa huko huja na kuondoka unavyopenda. Pampu ikisimama nusu siku, maji yanakufa, na mikunga pamoja nayo. Kwa hiyo mzee aliandika barua. Ni barua ya kwanza ya maombi aliyowahi kuandika katika utumishi wake, na masjala tuliisoma mara mbili kuhakikisha ni yake. Aliomba tangi lipewe nafasi katika ukumbi wa mapokezi, ambako kuna jenereta, lihudumiwe na ofisi.

Mkurugenzi hakuwa na kipingamizi. Aliitisha fomu ya makabidhiano, ikajazwa: tangi la kioo moja, pampu mbili, paleti moja, samaki hai saba. Akachukua kalamu. "Mzee," akasema, "mimi nakuamini. Lete nitie sahihi tuendelee na mengine."

Mzee akaivuta fomu kwake, taratibu, mpaka ikatoka chini ya kalamu ya bosi.

"Nashukuru, Mama. Lakini hujaona."

Waliokuwepo chumbani wanasema Mkurugenzi alitazama fremu nyuma ya mlango, akacheka kidogo peke yake, akafunga kalamu. Iliamuliwa uende ujumbe wa watu watatu: Mkurugenzi, karani wa masjala, ndiye anayewaandikia haya, kwa ajili ya kumbukumbu, na dereva wa lori kwa sababu mzee mwenyewe alimtaka. Zilikuwa zimebaki Jumamosi tatu kabla ya siku ya kuhamisha. Wasipoonekana, fomu haitiwi sahihi, tangi haliingii mapokezi, na mikunga watakwenda kwenye umeme wa kubahatisha. Mzee alijua hivyo vizuri kuliko sisi.

Jumamosi ya kwanza tulifika saa nne asubuhi. Shemeji, kama mtu aliyelelewa vizuri, aliacha kushona papo hapo, akafunika cherehani kwa kitambaa, akatukaribisha chai. Viatu vilibaki mlangoni. Tulikaa saa nzima. Mkurugenzi, ambaye amezoea kusema neno kila mahali anapotembelea, mwishowe alisema, "Mchanga mzuri." Dereva akaongeza kwamba ni mzuri kweli, ungefaa kwa plasta.

Jumamosi ya pili tulikuja tumejipanga. Simu zilizimwa. Chai tuliikataa ili vijiko visigonge vikombe. Shemeji alipoona mambo yamekuwa makubwa namna ile, hakuishia kufunika cherehani, aliihamishia chumbani kabisa kwa msaada wa dereva, apate kutupisha. Ikawa mara ya kwanza kwa cherehani ile kusogea tangu tangi lije. Sebule ilikuwa kimya kiasi kwamba ungesikia chumvi ikiyeyuka. Baada ya saa moja na robo dereva alisinzia kwenye kochi, na baada ya hapo akaanza kukoroma. Dereva wetu anakoroma kwa mpangilio, kama injini iliyofanyiwa matengenezo, bila kuruka pigo. Mkurugenzi aligeuka kumtazama. Karani aligeuka kumtazama. Ni mzee peke yake aliyekuwa bado anatazama tangi, na aliinuka nusu kwenye kiti, akanyoosha mkono, hakutoa sauti. Tulipogeuka alikuwa amekaa tena.

"Alitoka mmoja," akasema. "Kichwa na shingo. Wakati huyu anakoroma."

"Mzee," dereva akasema, akifuta mdomo, "hata kulala kwangu sasa ni ushahidi?"

Karani aliandika: ameonekana na mwombaji pekee. Mzee alisoma, akasema imeandikwa sawa.

Wiki ile mzee alipanga bohari upya, kitu ambacho hakikuhitaji kupangwa. Mkurugenzi alimwita akamwambia kwamba kanuni zina mwanya, anaweza kupokea tangi kama tangi na mchanga kama mchanga, wasitaje samaki. Mzee akajibu kwamba hapo itakuwa ofisi imepokea kitu isichokijua, na siku wakifa hakuna atakayejua kwamba kuna waliokufa.

Jumamosi ya tatu ilikuwa siku nne tu kabla ya kuhamisha. Tulipobisha, cherehani ilikuwa inanguruma ndani. Ilikuwa imerudishwa mahali pake chini ya dirisha, na shemeji amezungukwa na sare za shule mpaka magotini. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Alitusalimu bila kusimama.

"Karibuni, mtanisamehe," akasema. "Leo siwezi kuacha. Nina sketi arobaini."

Mzee aliweka kidole mdomoni. "Mama watoto, nusu saa tu."

"Nusu saa ya Jumamosi iliyopita ilikuwa saa tatu, baba watoto. Leo hapana." Akasukuma kanyagio.

Tulikaa kwa sababu tulikuwa tumeshafika. Mkurugenzi aliomba sketi moja akaanza kukata nyuzi. Cherehani ilikwenda, ikasimama kwenye kona ya pindo, ikaenda. Hapakuwa na aliyengoja kitu. Shemeji hakuwa amemaliza mshono wa pili dereva aliposhika mkono wa karani kwa nguvu isiyokuwa ya kiungwana.

Kulikuwa na kichwa. Kidogo kama ncha ya kidole cha mwisho, macho makubwa, madoa meusi shingoni. Kikapanda. Nyuma yake cha pili, kisha viwili kwa pamoja, kisha cha tano na cha sita, kila kimoja kikinyooka kutoka mchangani bila haraka, wote wameelekea pampu, wakiyumba kidogo kwa mkondo kama watu wanaosikiliza jambo wanalokubaliana nalo. Karani alihesabu sita, akahesabu tena, akapata sita, na akamwona mzee anamwona anapata sita.

"Wa saba ni yule wa kona ya kulia," shemeji akasema, bila kuinua macho kwenye mshono. "Huwa anachelewa. Anapenda aone wenzake kwanza."

Wa saba akatoka kona ya kulia.

Ndipo tukageuka wote, na mzee aligeuka wa mwisho.

"Kumbe unawaona?" akauliza.

"Nawalisha saa nne na saa tisa miaka kumi na mmoja. Nitaacha kuwaona?"

"Nilikuambia uweke chakula uondoke."

"Naweka, naondoka. Naondoka nakuja hapa." Akagonga meza ya cherehani, ambayo kwa kweli iko hatua nne kutoka tangini na inalitazama uso kwa uso. "Nikianza kushona wanatoka. Nikinyamaza wanaingia. Mnakuja na ukimya wenu kama mko msibani, watatoka vipi?"

Mkurugenzi akamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Shemeji alikata uzi kwa meno.

"Hakuna aliyeniuliza. Mlikuwa mnaingia, mnakaa, mnakodoa. Nikadhani mnapenda mchanga."

Ikawa wazi palepale. Tangu waingie nyumba ile, mikunga wale hawakuwahi kuishi siku moja bila cherehani. Kwao mngurumo ule ndio hali ya hewa kuwa nzuri, na chakula kiko njiani. Ukimya ndio hatari. Mzee aliwaona kila siku kwa sababu kila alipofika nyumbani mkewe alikuwa anashona. Na kila alipoleta wageni kuthibitisha, adabu ya mwenye nyumba ilikuwa inafuta ushahidi kabla hawajakaa. Hata mkoromo wa dereva sasa ulipata heshima yake.

Mtu mwingine angejitetea. Mzee aliomba fomu, akaiweka juu ya meza ya cherehani kati ya sketi, akamkabidhi mkewe kalamu ya bluu.

"Aliyeona kwanza atie sahihi kwanza," akasema.

Shemeji akatia sahihi. Kisha Mkurugenzi, karani, na dereva, ambaye aliandika jina lake lote la ukoo kwa herufi kubwa na hajatania habari za mchanga tangu siku hiyo.

Kuhamisha kulichukua asubuhi ya Jumatano. Maji yaliteremshwa mpaka yakabaki kiganja kimoja juu ya mchanga, yaliyotolewa yakaingia kwenye mapipa, na toroli la bohari likaingizwa meno chini ya ile paleti tuliyoicheka miaka kumi na mmoja. Tangi likainuka kwa ujumla wake, mikunga wakiwa mashimoni mwao, hata mchanga haukuhama. Mafundi wanane walilisukuma mita mia mbili kwa mwendo wa bwana harusi, mzee mbele akiondoa mawe kwa mguu.

Mapokezi, siku nne hawakutoka. Milango iligongwa, wateja walibishana na dirisha, watu walikuja kutazama wakauliza kwa nini ofisi inafuga mchanga. Mzee alisimama pale na koti lake la bohari, asubuhi na mchana, na chakula kikapita juu ya mashimo matupu na kuozea konani. Ijumaa iliyopita jioni alitoka bila kuaga mtu. Jumatatu hii dereva wa lori, bila kutumwa, alikwenda kuichukua cherehani, akaileta amelala nayo nyuma ya lori akiwa ameipakata, kazi ya kuendesha akimwachia mwenzake. Shemeji akaketi kando ya dirisha namba tatu, akachukua ovaroli ya fundi bomba iliyochanika goti, akashona. Mshono wa pili walitoka sita. Wa kona alifuata. Foleni ya dirisha namba moja ilihamia mbele ya tangi yote, na kwa dakika kumi hakuna mtu aliyelalamika kuhusu maji katika mji huu.

Bohari ina ovaroli zilizochanika sitini na nne. Zilikuwa zitupwe. Mzee alikataa kuziandika chakavu mpaka fundi wa nguo azione.

Mzee wetu, umetuachia rafu zilizonyooka, valvu zilizofungwa magunia, na mazoea ya kutazama kitu kabla ya kusema kipo, na siku nyingine kuuliza aliye karibu nacho zaidi. Tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja ya sahihi ambazo hakuna aliyelazimika kuzirudia. Nenda ukakae kwenye nyumba yako, ukachomoze kichwa asubuhi upande unaoutaka, na chakula kikupitie mdomoni. Siku zako ziwe za utulivu, afya isikupungukie, na ukija kututembelea usibishe hodi kwa sauti.

Mkataba wa shemeji wa kushona ovaroli hizo mapokezi unaanza Jumatatu ijayo, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Chakula cha mchana mzee atajipikia.